Going Solo: Roald Dahl alipoishi Dar

Nakala yangu nimeinunua kwa muuza vitabu wa barabarani pale Samora, shilingi elfu tano, jalada limechanika. Mwanangu wa darasa la sita alikuwa amemaliza Matilda, akataka kingine cha Roald Dahl. Hiki si riwaya. Ni maisha ya Dahl mwenyewe, kilitoka mwaka 1986, na sehemu kubwa ya mwanzo iko hapahapa kwetu.

Dahl alikuja Tanganyika mwaka 1938 akiwa na miaka 22, kuifanyia kazi kampuni ya Shell. Anachungulia kidirisha cha meli, anaiona bandari: maji ya buluu iliyokoza, mchanga unaokaribia weupe, minazi pande zote. Mimi navuka maji hayo kwa pantoni kila siku kwenda Kigamboni, na sikuwahi kuyatazama vile. Ukurasa huo niliusoma mara mbili.

Sura za nyoka ndizo tamu kuliko zote. Salimu, mtunza bustani, anapiga reki huku koboko akimjia kwa nyuma, na Dahl yuko dirishani anampigia kelele kwa Kiswahili. Halafu kuna simba aliyembeba mke wa mpishi mdomoni na mama wa watu akapona bila hata mchubuko! Mwanangu aligoma kulala mpaka sura iishe.

Kilichoniuma ni neno "boi". Mdisho, mtumishi wa Dahl, ni mwanamume mzima, Mnyamwezi (Dahl anaandika "Mwanumwezi"), na bado ni boi tu. Babu yangu aliitwa hivyo Oysterbay hadi mvi zikamtoka. Nilifunga kitabu nikamweleza mwanangu, na ninaomba kila mzazi afanye vivyo hivyo. Dahl huyuhuyu, katika chapa ya kwanza ya Charlie and the Chocolate Factory mwaka 1964, wafanyakazi wa kiwanda aliwafanya mbilikimo waliotolewa Afrika. Alikuja kuwabadilisha baada ya kulalamikiwa. Hilo nalo mtoto alijue.

Lakini Mdisho namtetea. Ana fahari, ana uaminifu, na vita vinapotangazwa Septemba 1939 anafanya jambo kwa upanga wa bwana wake ambalo sitalisema hapa. Hakuna mtu kitabuni aliye hai kumzidi.

Baada ya hapo ni urubani: mafunzo Nairobi, ajali ya ndege jangwani Libya mwaka 1940, mapigano Ugiriki. Wapenda ndege watafurahi. Mimi niliharakisha, nikisimama kwenye barua alizomwandikia mama yake, ambaye alizitunza zote. Tafuta nakala yenye picha na barua hizo.

Kwa mtoto wa miaka kumi na kuendelea, nunua. Ila ujiandae: tangu Dahl aondoke Dar, mwanangu anafunua kurasa akimtafuta Mdisho.