Pac-Man Championship Edition DX: mla vidonge karudi na mbio

Pac-Man ya 1980, mchezo wa video wa kula vidonge huku ukikwepa vizuka, kazi ya Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, haikuwahi kunishika. Ukimaliza vidonge, ubao ule ule unarudi, vizuka wenye kasi zaidi, basi. Hii DX ya 2010 ni habari nyingine. Naicheza kwa laptopu hapa Langoni, Lamu, usiku, feni ikivuma.

Uwanja una pande mbili. Maliza vidonge vya upande mmoja, tunda linatokea. Ukila tunda hilo, vidonge vipya vinajitandaza. Lakini raha yenyewe ni vizuka waliolala njiani. Ukiwapitia karibu wanaamka, wanakufuata mmoja nyuma ya mwingine, mkia mrefu kama punda wa kubeba mawe kichochoroni. Kisha unameza kidonge kikubwa, unageuka, unawala wote! Mpwa wangu hupiga kelele: "Mjomba, usiwale bado, ngoja wazidi!" Kweli, kila kizuka kinachofuata kina alama zaidi.

Nisichokipenda ni huruma yake. Ukikaribia kugongwa, mchezo wenyewe unapunguza mwendo ujiokoe, na ukibanwa kabisa una bomu la kuwarudisha vizuka kwao. Mkubwa mzima nabembelezwa hivi? Muziki ni wa disko, nauzima naweka taarab.

Chagua mchezo wa dakika 5. Stima ikipotea katikati, hasara yako ni ndogo. Ila mtoto mdogo mpe kwanza ile ya zamani. Taa za hii zitamchanganya.