Pampu ya mkono au ya sola, tuchangie ipi?

Hili swali linarudi kila shirika la Kikristo la wainjinia likianza kuchangisha hela za kisima, jamani ipi bora? Gharama ya kuanzia pampu ya mkono inashinda bila ubishi, maana sola inataka paneli, tenki, mabomba na vituo vya kuchotea. Ila kwenye kuhudumia watu wengi sola iko mbali, pampu moja ya mkono watu 300 hivi inakuwa imefika mwisho, na Afridev, ile aina ya pampu ya mkono, maji yakizidi kina cha mita 45 haikufai tena.

Kwenye matengenezo ndo penyewe. Afridev unaifungua kwa spana moja tu, mama wa kamati ya maji akifundishwa anavuta juu zile fimbo za ndani ya bomba, anatoa sili (mpira wa kuzuia maji yasivuje) iliyolika anaweka mpya na siku hiyohiyo watu wanachota. Kontrola ya sola, kile kifaa cha umeme kinachoongoza pampu, ikiungua fundi wa kijijini ataishia kuiangalia tu, na watoto wanarudi mtoni na madumu yao, inauma sana.

Kwa hiyo kama maji hayako chini sana na nyumba zimetawanyika, chukueni ya mkono. Kama kuna shule, zahanati, watu wengi na kamati inayokusanya hela kila mwezi kweli kweli, sola. Na zote mbili, maji yapimwe kwanza floraidi na aseniki, vitu vya ardhini vinavyodhuru afya vikizidi, kabla ya kufunga chochote, naomba hilo msilipuuze.