Tahadhari kwa wanaodarizi na kutunga shanga: kuna muuza chati za korongo anazunguka kwenye makundi yetu

Dada zangu, na kaka wachache mnaotunga shanga pamoja nasi, someni hii kabla hamjamtumia pesa mtu yeyote anayeuza chati kwa simu, yaani ile michoro ya visanduku inayoonyesha kila mshono au shanga inakaa wapi na kwa rangi gani. Mwezi wa Septemba nimelizwa shilingi 170,000, hapa hapa Busia ya Uganda, mimi ninayejiita mzoefu. Tangu nilipolisema jambo hili wazi, wenzangu wanne wamenipigia kunisimulia kisa kilekile.

Jina lake silitaji, maana halitawasaidia. Kwangu alikuwa mama wa Mombasa mwenye Kiswahili kitamu cha pwani. Kwa mwenzangu wa Tororo alikuwa kijana wa Kampala. Laini zote mbili sasa hazipatikani. Wenzetu Waganda huwaita watu wa aina hii bafere, na mfere habadilishi kazi, hubadilisha namba. Ila bidhaa anazouza ni zilezile, kwa hiyo nitaieleza bidhaa, mtaijua hata akija kwa jina la shangazi yenu.

Mteja wangu wa Jinja alitaka bangili 60 za rangi za bendera kwa ajili ya sherehe za Uhuru za tarehe 9 Oktoba, pamoja na kitambaa kimoja kilichodariziwa korongo mwenye taji, yule ndege wa bendera ya Uganda, cha kutundika sebuleni. Bangili alizitaka za mshono wa piyote, yaani shanga zinazotungwa kwa sindano na uzi bila fremu, kwa sababu piyote haiachi zile nyuzi ndefu za kuficha mwishoni kama kazi ya fremu, ambako shanga hufumwa katikati ya nyuzi zilizotandazwa. Mimi ni mtu wa fremu. Piyote naijua ya kubahatisha, na korongo sikuwahi kumdarizi. Nikauliza kwenye kundi kama kuna mwenye chati. Haikupita saa moja, mtu akanijia pembeni: "Dada yangu mpendwa, ninazo zote mbili, tena imebaki nafasi moja ya bei ya ofa."

Akatuma picha ya kitambaa kilichokamilika. Jamani, kilipendeza! Manyoya ya taji yanang'aa kama jua la saa kumi na moja. Nikatuma 35,000. Likaja faili limefungwa kwa nywila, na nywila nayo ina ada yake, 15,000, "ya mfumo". Hapo ndipo ningesimama. Sikusimama. Halafu akaniambia kwamba chati zake zinataka shanga za Kijapani ambazo Busia hazipatikani, ila yeye anaweza kunipandishia kwenye basi kutoka Nairobi, pamoja na uzi na kitambaa, kwa 120,000. Akatuma hata picha ya risiti ya mzigo. Nilikwenda stendi siku tatu mfululizo. Kijana wa mizigo aliitazama ile risiti, akacheka, akanionyesha tarehe: ilikuwa ya mwaka jana. Kupiga simu, mama wa Mombasa ameshaingia mitini.

Pesa zimeuma, lakini kilichonitia hasira zaidi ni zile chati zenyewe nilipozifungua na kuketi nazo mezani. Yote yalikuwa wazi pale. Mtu anayejua kusoma chati angemkamata kwa ukurasa mmoja tu, na mimi najua kusoma chati! Niliinunua picha, sikuinunua chati. Nimenunua mbuzi kwenye gunia.

Nianze na korongo. Tazameni bendera yetu: korongo anaangalia upande wa mlingoti, na mguu mmoja ameuinua. Korongo wa huyu muuzaji amesimama kwa miguu yote miwili kama anasubiri taksi, na anaangalia upande usio wake. Hilo peke yake lingetosha kuniambia kwamba aliyechora hakuwahi kuitazama bendera. Kisha vuta picha karibu. Kwenye mshono wa msalaba wa kweli, kila msalaba unakaa ndani ya kisanduku chake, na mkono wa juu unalalia upande mmoja kitambaa kizima. Kwenye picha yake misalaba inaanza vizuri kifuani, halafu inayeyuka ikifika shingoni, mingine ina mikono mitatu. Picha ile imetengenezwa na kompyuta. Hakuna sindano iliyopita pale.

Chati yenyewe ilikuwa na visanduku 150 kwa 200, na juu yake imeandikwa: kitambaa cha Aida (kile cha kudarizia kilichofumwa kwa visanduku) cha 14, ukubwa sentimita 20 kwa 30. Hesabu hiyo ni ya darasa la sita. Aida ya 14 maana yake ni visanduku 14 kwa kila inchi. Gawanya 150 kwa 14, unapata inchi 10.7, ambazo ni kama sentimita 27. Gawanya 200 kwa 14, unapata inchi 14.3, sentimita 36. Ningekata kitambaa kwa vipimo vyake, taji la ndege lingebaki hewani. Mwenye chati ya kweli hawezi kukosea hapo, kwa sababu programu yoyote ya kuchorea chati inampigia hesabu hiyo.

Halafu ufunguo wa alama, ile orodha inayosema kila alama ni uzi wa rangi gani. Ndege mmoja, rangi 87! Uzi wa kudarizi wa kampuni ya DMC unauzwa kwa vifungu vya mita 8, na unatakiwa ununue kifungu kizima hata kama rangi hiyo inatumika kwenye visanduku vitatu tu. Zidisha bei ya kifungu kimoja mara 87 kabla hujasema chati ni rahisi. Mtu anayedarizi mwenyewe akichora korongo hupunguza rangi, huunganisha zinazokaribiana, hafiki huko. Rangi 87 zinatokea mtu anapoitupa picha ndani ya programu na kubonyeza kitufe. Ndiyo maana mandhari ya nyuma ilikuwa imejaa kisanduku kimoja kimoja cha rangi tofauti, kama mtama uliomwagika uani. Kila punje unaanza uzi na kuukata. Kazi ya wiki tatu inakuwa ya miezi.

Na kubwa kuliko yote: kwenye ufunguo wake rangi namba 310 ya DMC imeandikwa njano iliyoiva. Mtu yeyote aliyeshika uzi wa DMC anajua kwamba 310 ni nyeusi. Ni kama muuza samaki akwambie sato ni dagaa.

Chati za shanga nazo zilikuwa na vituko vyake. Aliniuzia "piyote", lakini visanduku vyake vimepangwa mstari kwa mstari, vimenyooka juu na chini. Hiyo ni chati ya fremu. Chati ya piyote huonekana kama ukuta wa matofali uliolazwa ubavu: kila safu wima imeshuka nusu kisanduku kulinganisha na jirani yake, kwa sababu ndivyo shanga zinavyokaa, kila moja inaingia kwenye pengo kati ya mbili. Ukiifuata chati ya fremu kwa mshono wa piyote, mstari ulionyooka unatoka na meno ya msumeno. Na picha hupotoka umbo, maana shanga si mraba. Zile za Kijapani za Delica namba 11 zina kipenyo cha milimita 1.6 hivi na urefu wa 1.3. Mduara uliochorwa kwenye visanduku vya mraba unageuka yai.

Alikuwa ameweka pia maelezo ya maneno, yale ya kusoma safu kwa safu: nyeusi 3, njano 1, na kuendelea. Hapa pana kipimo ambacho ningependa kila mmoja wenu akikariri. Bangili yake ilikuwa ya upana wa shanga 22. Kwenye piyote, safu ya kwanza na ya pili hutungwa pamoja, yaani shanga 22. Kuanzia safu ya tatu, kila safu inachukua nusu yake, 11, hadi mwisho. Wewe chukua safu yoyote, jumlisha. Ya tatu kwake ilileta 11, nikafurahi. Ya nne ikaleta 13. Ya tano 10. Nikaacha. Shanga mbili zaidi kwenye safu ya nne zingekaa wapi, begani?

Mwenzangu wa Tororo yeye aliuziwa chati ya kweli, lakini ya wizi. Zilikuwa picha za kurasa za gazeti la ufundi zilizopigwa kwa simu, jina la mchoraji limekatwa pembeni, na alama zimefifia kiasi kwamba pembetatu na duara havitofautiani. Ukurasa wa ufunguo haukuwepo. Kumbukeni kwamba Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na mchoro wa mtu ni mali yake. Ukiuza vitambaa vilivyotokana na chati ya wizi, anayeulizwa kwanza ni wewe mwenye duka.

Basi mkitaka kununua, msiombe picha ya kazi iliyokwisha. Hiyo kila tapeli anayo. Ombeni ukurasa wa ufunguo, na kipande kimoja cha chati chenye visanduku 20 kwa 20 tu. Muuzaji wa haki haogopi, kwa kuwa kipande hicho hakitoshi kudarizi kitu. Kwenye kipande tazama kama kuna mstari mnene kila baada ya visanduku 10, tazama kama alama zinasomeka ukikuza, uliza mishale ya kuonyesha katikati iko wapi. Kwa shanga, uliza ni shanga namba ngapi na za aina gani, na kama idadi ya upana ni witiri au shufwa, kwa sababu upana usiogawanyika kwa mbili una kugeuka kwake kwenye piyote na si kila mtu anakuweza. Huyu wangu nilipomuuliza baadaye, kabla hajatoweka, alijibu kwa sauti tamu: "Dada, hiyo chati inakubali zote." Hakuna chati inayokubali zote.

Kama umeshatuma pesa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu saa hiyohiyo uombe waizuie kabla hajaitoa. Mimi nilisubiri siku nne kwa aibu, nikakuta zimeshatolewa. Nenda polisi, upewe namba ya kesi, na usifute ujumbe hata mmoja, hata zile sauti za "mpendwa". Laini zinasajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo kuna jina la mtu mahali fulani, hata kama ni la bibi wa watu ambaye hajui lolote.

Bangili za Jinja nilizimaliza. Nilinunua daftari la hesabu lenye visanduku na penseli za rangi, nikarudi kwenye fremu yangu: bendera ina milia sita, kila mlia shanga tatu, jumla upana wa shanga 18, na nyuzi 19 kwenye fremu kwa sababu siku zote uzi unazidi shanga kwa moja. Korongo kwenye upana ule haenei, nikaweka duara jeupe na kivuli chake tu, shingo na mguu ulioinuliwa. Mteja alilalamika kidogo kuhusu nyuzi za mwishoni, akalipa. Kitambaa cha sebuleni bado ananidai.

Jana usiku dada mmoja wa Malaba amenitumia picha aliyopewa na "mjomba wa Kisumu" anayeuza chati za ndege kwa bei ya ofa, nafasi imebaki moja. Nikaikuza. Korongo yuleyule, miguu miwili chini. Nimemwambia aombe ukurasa wa ufunguo. Mpaka ninapoandika hapa, mjomba anaonekana yuko hewani na hajajibu.