Skrini ya Kuchagua Kivinjari: Je, Inafanya Kazi Iliyotumwa?

Ni huduma chache ambazo kampuni hazikuzibuni kwa hiari bali zilizaliwa na maamuzi ya wasimamizi wa ushindani, na mojawapo ni ile skrini inayomtaka mtumiaji achague kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za intaneti) au injini ya utafutaji kabla hajaendelea na shughuli zake. Naihakiki hapa kama ambavyo ningehakiki programu nyingine yoyote, kwa kuuliza kama inatimiza ilichotumwa, yaani kumrudishia mtumiaji uamuzi ambao kampuni inayolitawala soko ilikwisha kumfanyia.

Sheria ya ushindani ya Ulaya haimwadhibu mtu kwa kuwa mkubwa. Kinachokatazwa ni kuitumia nguvu ya soko moja kuwafungia wengine mlango wa soko la pili, na katika teknolojia mlango huo mara nyingi ni chaguo-msingi, ile programu ambayo mtu huikuta tayari imewekwa na ambayo kwa kawaida hataibadilisha. Thamani yake ilionekana wazi katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, ambayo Jaji Amit Mehta aliitolea uamuzi Agosti 2024: mwaka 2021 pekee, kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili injini yake iwe chaguo-msingi kwenye vifaa na vivinjari vya wengine. Hakuna anayetoa fedha za namna hiyo kwa ajili ya nafasi ambayo watu huibadilisha kirahisi.

Toleo la kwanza la skrini hii lilianza kuonekana mwaka 2010, baada ya Microsoft kuiahidi Tume ya Ulaya, msimamizi wa ushindani katika Umoja wa Ulaya, Desemba 2009, kwamba watumiaji wa Windows wangeonyeshwa vivinjari shindani. Vilikuwa 12, vitano maarufu vikitangulia, na mpangilio wake ulipaswa kubadilika kila mara bila upendeleo. Hata hivyo, siku za mwanzo iligunduliwa kwamba njia ya kuchanganya majina hayo ilikuwa na kasoro, kwa hiyo baadhi ya vivinjari vilijikuta mahali fulani mara nyingi kuliko vingine, na kampuni ikalazimika kuirekebisha. Kwa anayeitazama kwa mbali hili ni jambo dogo, lakini nafasi katika orodha ndiyo bidhaa yenyewe hapa.

Kibaya zaidi kilifuata. Kuanzia Mei 2011 hadi Julai 2012 skrini hiyo haikuonekana kabisa katika sasisho moja la Windows 7, na watumiaji wapatao milioni 15 hawakupewa nafasi ya kuchagua. Machi 2013 Tume iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 561. Faini hiyo ilistahili, ila mimi nasikitishwa zaidi na ile miezi 14, kwa sababu usimamizi ulitegemea mno taarifa za kampuni yenyewe, na dawa ambayo hakuna anayehakikisha kama mgonjwa ameimeza haiwezi kuitwa tiba.

Toleo la Google kwenye simu za Android, lililofuata faini ya yuro bilioni 4.34 ambayo Tume iliitoza kampuni hiyo mwaka 2018, ndilo ninalolipa alama ya chini kabisa. Kuanzia Machi 2020 injini pinzani zilitakiwa kushindana kwa mnada, nchi kwa nchi, ili zipate nafasi tatu pembeni mwa Google, na fedha za mnada zikaingia kwa Google. Yaani aliyepatikana na hatia ndiye aliyekuwa akiwatoza ada walioumizwa. Isitoshe, mnada humpendelea anayevuna mapato makubwa kwa kila mtumiaji, hivyo injini isiyokusanya data za watu, au inayotoa faida yake kwa kazi ya kupanda miti, ilianza mbio ikiwa nyuma. Ecosia, ndiyo hiyo injini ya kupanda miti, ilikataa kushiriki mwanzoni, na nadhani ilikuwa na haki. Mnada ulifutwa Septemba 2021, nafasi zikawa za bure na orodha ikarefushwa.

Toleo la sasa linatokana na Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo kampuni zilizotajwa kuwa walinda lango, yaani zile kubwa ambazo wengine hulazimika kupitia kwao ili kuwafikia watumiaji, zilitakiwa kuitii kikamilifu kuanzia Machi 2024. Skrini ya Apple ilianza na orodha ya majina bila maelezo ya kutosha, na ilijitokeza pale tu mtu alipofungua Safari, kivinjari cha Apple yenyewe, yaani wakati ana ukurasa anaoutaka na hana subira ya kusoma majina asiyoyajua. Mtu mwenye haraka hugusa jina alilolizoea. Baadaye mwaka huohuo kampuni ilitangaza marekebisho: maelezo mafupi chini ya kila jina, sharti la kuipitia orodha yote kabla ya kuchagua, na kivinjari kilichochaguliwa kuchukua nafasi ya Safari kwenye skrini ya mwanzo. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa maana mkono huenda ulikozoea, na ikoni ya zamani ikibaki mahali pake uchaguzi unabaki wa jina tu.

Kwa ujumla wake naipa skrini hii nyota tatu kati ya tano. Nyota ya nne ningeitoa kama ingejitokeza wakati simu mpya inawashwa, katika kila aina ya simu, na si katikati ya shughuli. Ya tano naiweka akiba hadi muundo wake utakapokuwa ukipimwa na mtu asiye mwajiriwa wa kampuni inayoitengeneza, na matokeo ya vipimo hivyo yakichapishwa kila mwaka.