Akiba halisi ya taifa: Norway na Nigeria

Hesabu ya Benki ya Dunia ya akiba halisi huanza na akiba ghafi (pato la taifa lisilotumiwa), hutoa uchakavu wa mitambo na majengo, huongeza matumizi ya elimu, kisha hukata mafuta, madini na misitu iliyokwisha pamoja na hasara ya hewa chafu.

Norway ilipitisha 1990 sheria ya mfuko wa kuweka akiba fedha za mafuta. Fedha za kwanza ziliingia 1996. Pipa la mafuta likitoka baharini, hisa na hatifungani (hati za mikopo) hushika nafasi yake.

Nigeria iligundua mafuta Oloibiri 1956, lakini sheria ya mfuko wake ni ya 2011, na mtaji wa kuanzia ukawa dola bilioni 1. Pengo la miaka 55! Gesi inayochomwa kwenye visima vya mafuta vya Delta ya mto Niger huzidisha makato ya hewa ukaa. Mikoko ya Ogoni, eneo la Delta hiyo, iliyolowa mafuta haihesabiwi kabisa, kwa hiyo hasara halisi ya Nigeria ni kubwa kuliko takwimu.