Uzoefu wangu na Archion, tovuti ya vitabu vya makanisa ya Ujerumani: nilivyompata babu wa mume wangu Württemberg, kusini mwa Ujerumani

Mume wangu ni mzaliwa wa Michigan, Marekani, na kwao wamekuwa wakijiita Wajerumani tangu enzi za mababu. Wajerumani wa wapi hasa? Hakuna aliyejua. Mimi ni Mchaga wa Machame. Kwetu ukiulizwa wa wapi unataja ukoo, kijiji, na kihamba (shamba la ukoo) cha nani. Tulipompata binti yetu niliona siwezi kumlea akijua kwao kwa upande wangu tu, upande wa baba yake ukiishia bandarini New York.

Niseme ukweli, mwanzoni nilipoteza hela. Nilijiunga na tovuti moja kubwa ya kulipia, miezi minne mfululizo. Inakuletea mapendekezo ya ndugu, unakubali, ukoo unarefuka. Wiki mbili tu nilishafika miaka ya 1600, na mawifi zangu nimewatumia picha. Halafu nikaja kugundua babu niliyemng'ang'ania ni mtu mwingine kabisa mwenye majina yaleyale, aliyezikwa Ohio akiwa mtoto wa miaka minne. Niliumia, maana mama mkwe alikuwa ameshaanza kuyakariri yale majina.

Orodha za abiria wa meli nazo hazikutufaa. Za Hamburg zipo kuanzia 1850, lakini watu wengi wa kusini walipandia Le Havre au Bremen, na orodha za Bremen za karne ya 19 karibu zote ziliharibiwa.

Kilichotufungulia njia ni kitabu cha mazishi cha kanisa lao la Kilutheri, nje kidogo ya mji wa Ann Arbor, Michigan. Eneo lile lilijaa watu wa Württemberg. Mchungaji wao, Friedrich Schmid, alifika mwaka 1833. Mimi nimekulia KKKT, kwa hiyo kwenda ofisi ya usharika kuomba kitabu halikuwa jambo geni kwangu. Nikakuta babu ameandikwa: jina, siku ya kuzaliwa, kijiji, kisha Oberamt Tübingen, yaani wilaya ya zamani. Kijiji nikakihakiki kwenye Meyers, orodha ya miji na vijiji vya Dola ya Ujerumani iliyochapwa 1912, ambayo siku hizi inasomwa bure mtandaoni. Usiiruke hatua hii. Majina kama Neuendorf yamejaa nchi nzima, ukikosea kijiji umekosea kila kitu.

Hapo ndipo nikalipia Archion, pasi ya mwezi mmoja. Ni tovuti ya Kijerumani iliyofunguliwa 2015, yenye picha za vitabu vya makanisa ya Kiinjili. Ujue kabla hujatoa pesa: huandiki jina la babu ukaletewa majibu. Unachagua kanisa la jimbo, dekania (wilaya ya kanisa), usharika, kisha kitabu, halafu unafunua ukurasa mmoja mmoja kama uko ofisini kwa mchungaji. Asiyejua kijiji atajilaumu. Kwa Württemberg vitabu ni vingi mno, na picha nilizofungua zilisomeka vizuri hata nilipozikuza.

Shida ni mwandiko. Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani, si mchezo: herufi e inafanana na n, na u unaitambua kwa kikonyo kidogo kinachowekwa juu yake. Wiki tatu kila usiku, mtoto akilala, nilikuwa naandika majina yetu kwa herufi hizo mpaka jicho likazoea. Ningeanza mazoezi kabla ya kulipa, ningeokoa muda wa pasi.

Kitabu ninachokipenda kupita vyote ni Familienregister, daftari la kaya ambalo makanisa ya Württemberg yaliagizwa kulitunza tangu 1808. Familia nzima iko ukurasa mmoja. Juu baba na mama, pamoja na majina ya wazazi wao. Chini watoto kwa mstari, kuzaliwa, kipaimara, ndoa, kifo. Mtoto wa tano ndiye babu yetu. Pembeni, kwa wino uliopauka: 1854 nach Amerika. Alikwenda Amerika. Watoto wawili waliomtangulia wana msalaba mdogo kando ya majina.

Kwa nini aliondoka, nilielewa upesi kuliko mume wangu. Kule shamba liligawanywa sawa kwa watoto wote, kizazi hadi kizazi, hadi vikabaki vipande visivyolisha mtu. Kisha viazi vikaoza na mavuno yakafeli. Nimeona vihamba vya kwetu vikikatwakatwa hivyohivyo.

Naipa Archion nyota nne. Kama ukoo wako ni wa Kikatoliki anzia Matricula, tovuti ya vitabu vya makanisa ya Kikatoliki, ni bure, ila si majimbo yote yamo. Na usihangaike na vyeti vya serikali kwa watu wa zamani hivi, maana uandikishaji wa kiserikali ulienea Ujerumani yote mwaka 1876 tu.

Nilimpigia mama mkwe simu jioni ileile. Nikamwambia, "Mama, safari hii ni yeye," nikamsomea ukurasa mzima polepole. Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniomba niyarudie majina ya wale wawili wenye misalaba, ayaandike.