Usiku wa soul na hip hop Mbeya: beba koti, VIP achana nayo

Nianze na hela, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Kiingilio cha kawaida kilikuwa 15,000, VIP 40,000. Nikajitia ubosi, nikalipa VIP mbili, yangu na ya mama watoto, nikidhani nanunua utulivu. Nilichopata ni viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vya harusini, mbele kabisa, spika ya besi ikiwa hatua nne kutoka magotini. Pale besi unaisikia kwa mbavu, ila maneno ya mchanaji, yaani rapa, huyapati. Baada ya nyimbo tatu tuliviacha viti vyetu, tukaenda kusimama nyuma na watu wa 15,000, karibu na meza ya fundi mitambo. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe, kwa hiyo ukisimama alipo yeye, unasikia anachosikia yeye. Kama uko na 40,000 yako mkononi, lipa 15,000, inayobaki kula nyama.

Jina la ukumbi naliacha kwa sababu malalamiko yapo. La kwanza ni saa. Tangazo lilisema saa 2 usiku, bendi ikaanza saa 4 kasoro dakika kumi. Muda wote huo alikuwepo mshereheshaji tu, anatutajia wadhamini na kutuuliza kama tupo. Tupo, kaka, tumelipa.

Sasa muziki. Ilikuwa Julai, na ukumbi uko wazi upande mmoja. Kwa asiyeujua mji huu, tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10 kama mchezo. Wenyeji tulikuja na makoti, kuna waliojitanda hadi mashuka ya kimasai. Bendi ilitoka Dar. Mpiga saksafoni akapanda jukwaani na shati laini la mikono mifupi.

Wakaanza na soul ya taratibu, ya mtindo wa Memphis, Marekani, kinanda kikitangulia. Mama watoto ni mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya Moraviani tangu kabla sijamjua. Akaniinamia: "Baba, hilo tarumbeta lina baridi." Nikamwambia ni saksafoni. Akasema hata kama. Na kweli, ilikuwa inaimba chini kidogo ya kinanda, kitu kidogo tu, lakini ukishakisikia hakikuachii. Ala ya kupuliza ikipoa, sauti yake inashuka, na kinanda cha umeme hakijui Julai wala Desemba. Yule jamaa aliligundua mwenyewe kwenye wimbo wa pili. Kila zamu yake ikiisha, anaipulizia saksafoni hewa ya moto bila kutoa mlio, kisha anaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Kwenye wimbo wa nne mtu akamrushia koti kutoka pembeni ya jukwaa. Tangu hapo mambo yakanyooka, akapiga kipande kimoja hadi fundi mitambo akaacha vitufe vyake na kukunja mikono.

Dada aliyeimba sijawahi kumsikia redioni, na sijui redio zinangoja nini. Anaanza chini, karibu kama anazungumza na mtu mmoja, halafu anapanda bila kupiga kelele. Soul ilizaliwa kanisani kwa watu weusi wa Marekani: Aretha Franklin alianza kuimba kwenye kanisa la baba yake Detroit, na Al Green, jina kubwa la Memphis, mwaka 1976 akawa mchungaji kabisa. Basi ukiuleta muziki huo Nyanda za Juu Kusini, ambako Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891 na leo kila kona ina kwaya, usitegemee watu kukaa kimya. Kwenye wimbo wa mwisho wa dada, kiitikio kilipofika akaisogeza maikrofoni kwetu. Ukumbi ukajibu kwa sauti nne. Hakuna aliyeelekeza. Besi ilitoka upande wa wauza nyama, soprano mbele, na mama watoto kando yangu akaichukua ya pili yake bila hata kugeuza shingo. Dada aliacha kuimba, akabaki anatusikiliza, akicheka.

Sehemu ya hip hop ndiyo niliyoifuata mimi. Nimezoea shoo za pleibeki: mchanaji anapewa fleshi yake, biti inaanza, anachana juu ya sauti yake mwenyewe. Hii ilikuwa bendi kamili, na tofauti niliiona kwa kijana mmoja wa hapa hapa Mwanjelwa aliyepewa nyimbo mbili. Alianza kwa papara, akiukimbia mdundo. Mpiga drams akamtazama, hakumfuata, akabaki palepale. Ubeti wa pili kijana akageuka, akachana akiwa ameziangalia drams, na wakaelewana. Kisha katikati ya mstari, akasahau. Kwenye pleibeki hapo umekwisha, biti haisubiri mtu. Huku drams zikabaki peke yake zikizungusha kipande kilekile, besi ikaingia, ikazunguka mara moja, mara mbili, mara ya tatu kijana akarukia na mstari mwingine kabisa, wa mitindo huru, kuhusu bajaji iliyokwama mlimani na abiria anayedai chenji. Ukumbi ukalipuka.

Hip hop yenyewe ilitokea humo, kwenye kipande cha drams peke yake. DJ Kool Herc, mwaka 1973 huko Bronx, New York, alikuwa anakirudiarudia kwa sahani mbili za santuri ili watu wacheze. Na kipande alichopiga Clyde Stubblefield, mpiga drams wa mwimbaji wa soul James Brown, kimekatwa na kutumiwa kwenye nyimbo za hip hop ambazo hazihesabiki. Ndiyo maana soul na hip hop kukaa jukwaa moja si kulazimisha undugu. Na mji nao si mgeni wa mambo haya, ndio uliompeleka mchanaji Sugu bungeni mwaka 2010, ukamrudisha tena 2015.

Mengine kwa kifupi. Kitimoto kilikuwa kizuri, na ndizi za kuchoma za moto kweli. Bia zilikuwa baridi kuliko tulivyohitaji, na chai ya tangawizi iliisha saa 5, aliyeipangia bajeti hakufikiria. Vyoo havikuwa na maji, na kwa watu waliolipa kiingilio hilo halina utetezi. Kaka wa mlangoni alikuwa na adabu.

Shoo iliisha saa 8 kasoro. Bajaji nje zilikuwa tatu, watu mia. Tuliyoipata ilitudai 8,000 hadi Uyole, tukashushana hadi 6,000, na kabla hatujaondoka akaja mtu mbio na mkoba mrefu mgongoni, koti la kuazima likimpwaya, akiuliza kama njiani kuna duka la masweta lililo wazi saa hizi. Mama watoto akasogea, akampa nafasi.